Duara la Kumi na Moja

Kwenye ramani yangu bahari ni meza ya mkahawa
ambayo hakuna aliyeipangusa:
alama ya kikombe hapa, alama ya kikombe pale.
Kila duara lina namba. Kila namba ina meli,
au inaingoja. Mgawaji ni mimi.
Nyumbani naitwa Nives. Kwenye redio sina jina:
mimi ni Trieste.

Januari, saa tano usiku, aliita nahodha Vlastos,
meli Evdokia, shehena ya kahawa,
sauti ya mtu anayetafuna kokoto:
"Trieste, naomba la kumi na moja."
Nikamwambia la kumi na moja lina mwenyewe,
meli ya ngano, inaingia alfajiri. Chukua la kumi na mbili.
Kimya. Kimya cha redio si kimya,
kina chengachenga kama mchele wa bei ya chini.
Kisha: "Miaka tisa nyuma nililala kumi na moja.
Ndipo simu iliponikuta. Habari za binti yangu."
Akasita.
"Haidhuru. Kumi na mbili."

Alizaliwa, au alikufa? Sikuuliza.
Fomu yetu haina kisanduku cha neno hilo.

Watu hudhani nanga hutupwa.
Nanga haitupwi, hupelekwa, kama mgonjwa.
Nilimtazama kwenye rada: mafundo sita, manne, mawili.
Yule anayeamuru yuko tezini, nanga iko omo,
na baina yao mita mia na arobaini za chuma;
akisema "Achia!" pale anapofika yeye
nanga itakuwa imeshapita mahali pake.
Ni somo la kwanza la chuo cha ubaharia.
Nchi kavu wengi tumelifeli.

Meli ikasimama. Ikaanza kurudi nyuma, kwa haya.
Serahangi akaachia: pima kumi, matope mazuri,
mnyororo ukajilaza pingili baada ya pingili,
maana kinachoishika meli si ile kulabu peke yake,
ni uzito wote uliokubali kulala chini.
Nikapima. Mita kumi na moja kutoka kitovuni.
Kumi na moja!
Sikusema kitu, naye hakusema,
lakini nadhani tulitabasamu, kila mtu gizani kwake.

Saa tisa usiku upepo wa kusini ukakata.
Ukashuka ule mwingine, wa milimani.
Jina lake Bora; ubora wake sijauona,
na huu ni mwaka wangu wa ishirini hapa.
Hung'oa vigae. Bibi yangu mzaa mama
aliwahi kukumbatia nguzo ya taa nusu saa nzima,
mkoba wa mayai mkononi, na halikuvunjika hata moja.
Meli zote ishirini na mbili zikageuka pamoja
kama safu inayotoa salamu mwisho wa sala.

Evdokia ikazunguka kwa kadiri ya mnyororo wake.
Tezi likasafiri kusini-magharibi, taratibu,
likakaribia pale ambapo duara la kumi na mbili
linagusana na la kumi na moja
bega kwa bega, kama wawili wa kitanda kimoja.
Mita arobaini. Ishirini na tano.
Nilipaswa kumwonya. Kidole kilikuwa kwenye kitufe.
Chumba cha usukani kiko tezini.
Yeye yuko tezini.

"Trieste, bado nimo ndani?"
"Umo ndani, Evdokia."
"Kwa kiasi gani?"
"Mita nane."
Chengachenga. Upepo ukipiga miluzi ndani ya kinasa chake.
"Basi hapa panatosha," akasema,
na hakuita tena mpaka kulipokucha.

Kitabuni nikaandika: Evdokia, nanga imeshika,
upepo mafundo arobaini na nne.
Safu ya maelezo nikaiacha wazi.

Meli ya ngano haikuja alfajiri.
Haikuja mpaka Alhamisi.